Intaneti ya Kupima

Mwishoni mwa mwaka 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilihesabu laini za simu zaidi ya milioni 70 na laini za intaneti zaidi ya milioni 35, katika nchi ambayo sensa ya mwaka mmoja kabla ilikuta watu milioni 61.7. Ukizisoma namba hizo harakaharaka utaona taifa ambalo laini zimewazidi watu, wachanga wakiwemo, na ambalo zaidi ya nusu ya wananchi wako mtandaoni. Lakini mtu mmoja ana laini mbili au tatu, na laini ikishahesabiwa kuwa ya intaneti, takwimu haisemi kama mwenyewe yuko hewani mchana kutwa au alinunua MB chache Jumamosi akakaa kimya hadi Jumamosi iliyofuata. Karibu laini zote hizo ni za simu ya mkononi. Kwa hesabu za Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, intaneti ya waya iliyofungwa nyumbani au ofisini barani Afrika haifiki hata laini moja kwa kila watu 100. Kwa hiyo anayezungumzia intaneti ya Mtanzania, na kwa kiasi kikubwa ya Mkenya, Mganda au Mkongo, anazungumzia simu janja na bando.

Mjadala kuhusu hali hii umezoea kuuliza swali moja: je, simu inatosha au tuvute faiba majumbani? Naona swali hilo limekaa upande. Simu si mbovu na faiba si dawa. Kinachotenganisha intaneti ya mwenye nacho na ya asiye nacho ni mambo mawili ambayo hayaonekani kwenye takwimu za laini: kwamba mmoja analipia mwezi na kusahau huku mwenzake akilipia kila MB anayoitumia, na kwamba intaneti ya mmoja ni ya nyumba nzima wakati ya mwenzake iko mfukoni mwa mtu mmoja. Mambo hayo mawili ndiyo yanayoamua mtu atafanya nini mtandaoni, na ndiyo sera zetu zisiyoyagusa.

Tumefikaje hapa? Hadi mwaka 2009 ukanda huu wa Afrika Mashariki ulitegemea setilaiti kwa karibu mawasiliano yake yote ya intaneti na dunia, kwa bei ya kutisha. Mwaka huo nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika pwani, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Kutoka Mombasa na Dar es Salaam mkongo wa faiba ukavutwa hadi bara. Kipande kilichobaki kilikuwa kile cha mwisho, kutoka barabarani hadi sebuleni, na hapo ndipo historia ilipotuacha. Ulaya na Marekani intaneti ya nyumbani ilipanda juu ya nyaya za simu za shaba na za televisheni zilizokuwa zimeshafika kila mtaa. Kwetu simu ya mezani ilikuwa kitu cha ofisini na cha nyumba chache za maeneo ya Dar es Salaam kama Upanga na Oysterbay. Hapakuwa na waya wa kupandia. Minara ya simu, ambayo tayari ilikuwa inajengwa kwa ajili ya kupiga na, kuanzia mwaka 2007 nchini Kenya na 2008 nchini Tanzania, kwa ajili ya M-Pesa, ikaichukua kazi hiyo. Lilikuwa jambo la busara na la kushukuru. Bila simu, wengi wa walio mtandaoni leo wasingekuwepo kabisa, na yeyote anayeandika dhidi ya simu bila kuanzia hapo hasemi kweli.

Ila tusidanganyike kwamba simu imechukua nafasi ya waya. Mawimbi yanatoka kwenye simu hadi mnara ulio karibu, na kutoka hapo sehemu kubwa ya safari iliyobaki ni ya faiba, hadi baharini na ng'ambo. Mnamo tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika karibu na Afrika Kusini, na watu ambao hawajawahi kuona rauta wakashangaa mbona wasap haifunguki. Tofauti iko mahali waya unapoishia. Ukiishia mnarani, wote walio chini ya mnara huo wanagawana masafa yaleyale, na ndiyo maana saa mbili usiku, kila mtu akiwa amerudi nyumbani, video inazunguka tu. Masafa ni mali yenye mpaka. Kampuni inayouza mali yenye mpaka kwa watu wengi wenye kipato cha siku itaiuza kwa vipande, na hapo ndipo bando lilipozaliwa.

Kila anayejua duka la mtaani anajua mafuta ya kupima. Asiye na hela ya dumu ananunua kijiko, na kwa lita anaishia kulipa zaidi kuliko mwenye dumu. Bando liko vivyo hivyo: la saa 24 kwa kawaida ni ghali kwa kila MB kuliko la mwezi, na anayenunua la saa 24 ni yule asiyeweza kutoa hela ya mwezi kwa mkupuo. Lakini bei ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni tabia ambayo mita inaifundisha. Mtumiaji wa bando huzima data kila anapomaliza kutuma ujumbe. Huzima upakuaji wa picha na video usije ukajiendesha wenyewe. Hukesha kungoja GB za usiku zianze kufanya kazi, kisha kuamka mapema kuzimalizia kabla hazijaisha muda. Masasisho ya programu hayafanyi, maana sasisho moja linaweza kula bando la wiki, kwa hiyo simu yake inabaki na mianya ambayo wezi wa mtandaoni wanaijua. Picha zake hazina nakala popote, simu ikiibwa zimekwenda nayo. Hakuna mtu aliyemkataza lolote kati ya hayo. Mita ndiyo iliyomfundisha.

Tena mita haipunguzi matumizi yote kwa usawa. Ujumbe wa maandishi ni rahisi, sauti ni rahisi kidogo, video ni ghali: saa moja ya video ya ubora wa kawaida inaweza kula karibu GB nzima. Mwanafunzi anayetaka kufuatilia mfululizo wa mihadhara ya hisabati ya saa 20 anatazama GB 20, wakati kijana mwenzake kwenye nyumba yenye faiba anaibonyeza tu na kuirudia mara tatu pale asipoelewa. Kujifunza kunahitaji kurudia, kukosea, kufungua kurasa kumi ili kupata moja yenye maana. Hayo yote, chini ya mita, ni hasara. Kinachobaki ni matumizi yenye uhakika: unajua unachokitaka, unakichukua, unatoka. Kampuni zimelielewa hilo vizuri, ndiyo maana zinauza mabando ya mitandao ya kijamii peke yake. Facebook nayo ilileta huduma yake ya bure ya Internet.org, baadaye Free Basics, Tanzania mwezi Oktoba 2014 na Kenya mwezi mmoja baadaye, ikiwa na kurasa chache zilizochaguliwa na wengine. Mtu aliyeingia mtandaoni kwa mlango huo anaweza kukaa miaka bila kutoka kwenye programu mbili tatu, na kwenye takwimu anahesabika sawa na mhandisi wa programu.

Mahali pa kuiona athari hii kwa macho ni stesheneri iliyo karibu na chuo au kituo cha daladala, msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu. Maombi ni ya mtandaoni, na mwombaji ana simu janja. Lakini akishajaza anatakiwa kuchapisha fomu, kuipeleka kwa mdhamini na kwa viongozi wa serikali za mtaa isainiwe na kugongwa mihuri, kisha kurasa zilizosainiwa zichanganuliwe na kupandishwa tena kwenye mfumo zikiwa katika muundo na ukubwa unaotakiwa. Simu inaweza kupiga picha ya karatasi, ndiyo. Jaribu sasa kuziunganisha kurasa kadhaa ziwe faili moja, ulipunguze bila maandishi kufifia, uliingize kwenye ukurasa uliotengenezwa kwa kioo cha kompyuta, huku bando likikaribia kukata. Mwombaji anakwenda stesheneri. Anapanga foleni, anamtajia kijana wa kaunta namba yake ya mtihani na neno la siri, na kijana anafanya kwa robo saa kile ambacho yeye alihangaika nacho siku mbili. Mara nyingi barua pepe yenyewe imefunguliwa na kijana huyohuyo, na neno la siri limebaki kwenye daftari lake. Nchini Kenya kazi hiyo inafanywa na saiba, yaani duka la intaneti: anayewasilisha hesabu za kodi kwenye iTax au anayetafuta huduma ya eCitizen na kukwama kwenye simu anajua pa kwenda. Serikali zimehamishia huduma mtandaoni kwa kudhani mwananchi ana kompyuta na intaneti ya kutulia. Asiye navyo analipa tozo isiyoandikwa kwenye sheria yoyote, anailipa kwa kijana wa kaunta, na pamoja nayo anaacha siri zake.

Jambo la pili, lile la mfuko na nyumba, lilijianika mwaka 2020. Kwa sababu ya janga la UVIKO-19, Kenya ilifunga shule katikati ya Machi na wanafunzi wengi hawakurudi darasani hadi Januari 2021. Masomo yalihamia redioni, kwenye televisheni na mtandaoni. Kwenye nyumba yenye rauta, watoto watatu waliweza kusoma kwa wakati mmoja na mama akafanya kazi zake. Kwenye nyumba yenye simu moja janja, simu ilikuwa ya baba, na baba aliondoka nayo asubuhi. Aliporudi, kazi za watoto watatu zilisubiri betri na bando la mtu mmoja. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilikuwa imeshaonyesha picha hiyo kabla ya janga: kati ya watu wa umri wa miaka 3 na zaidi, asilimia 47.3 walikuwa na simu ya mkononi, asilimia 22.6 walitumia intaneti, na asilimia 10.4 walitumia kompyuta. Wakati huohuo laini za intaneti zilizohesabiwa zilikuwa nyingi kuliko watumiaji hao kwa mbali. Sensa iliwauliza watu, takwimu za laini ziliuliza mitambo. Katikati ya janga lilikuja pia jambo la ajabu kidogo: Julai 2020 maputo ya Loon, ya kampuni mama ya Google, yalianza kurusha 4G kutoka angani juu ya sehemu za Kenya, na Januari 2021 mradi ukatangazwa kufungwa. Mbinguni palikuwa na mtandao. Chini wengi hawakuwa na simu ya 4G wala hela ya bando.

Wapo watakaosema nimeidharau simu. Leo kijana wa Kariakoo anauza viatu nchi nzima kwa simu tu, anapiga picha, anahariri video, anapokea malipo, anaagiza mzigo, na hajawahi kumiliki kompyuta. Hoja hiyo ni ya kweli na ina uzito. Kuna aina nzima ya biashara Afrika Mashariki iliyozaliwa kwenye simu, na kompyuta ingeichelewesha tu. Ila itazame kwa karibu. Biashara inayostawi kwenye simu ni ile ambayo kazi yake ni vipande vifupi: picha, bei, sauti, muamala. Ikikua, ikahitaji hesabu za mwezi, mkataba wa kurasa nane, zabuni ya serikali au kumbukumbu za wateja elfu moja, mwenyewe anatafuta kompyuta au anaajiri mwenye nayo. Kazi ndefu ya kuandika, ya kuunda programu, ya kupanga takwimu, bado inataka kibodi na muda usiohesabiwa. Muungano wa A4AI, uliokuwa ukipigania bei nafuu za intaneti, mwaka 2020 uliweka vigezo vinne vya muunganisho wenye maana: kuutumia kila siku, kasi ya 4G, simu janja, na intaneti isiyo na kikomo mahali fulani, iwe nyumbani, kazini au shuleni. Vigezo hivyo haviidai kompyuta, simu inakubalika. Kinachodaiwa ni kwamba mahali fulani katika maisha ya mtu, mita izimwe. Hapo nakubaliana nao kabisa.

Pingamizi jingine linatoka mbali: hata Wamarekani wanaacha intaneti ya nyumbani na kubaki na simu. Ni kweli ilitokea. Utafiti wa kituo cha Pew ulionyesha kwamba watu wazima wenye intaneti ya kasi nyumbani walishuka kutoka asilimia 70 mwaka 2013 hadi 67 mwaka 2015, na wenye simu janja pekee wakapanda kutoka asilimia 8 hadi 13. Wapo waliosema huo ndio mwelekeo wa dunia. Lakini Pew haohao waliwafuata Wamarekani wanaotegemea simu pekee, wakakuta asilimia 48 kati yao wamewahi kukatiwa au kusitisha huduma kwa muda kwa sababu ya hela. Waliokuwa wameachwa na simu peke yake kwa wingi walikuwa wenye kipato cha chini, weusi, wenye asili ya Amerika ya Kusini na vijana wanaoanza maisha. Mwenye hela hakuacha kimoja akachagua kingine. Aliweka vyote viwili, simu ya njiani na waya wa nyumbani. Marekani basi inathibitisha kinyume cha kile inacholetwa kuthibitisha: penye uwezo wa kuchagua, ni wachache wanaochagua kupimiwa.

Pingamizi zito kuliko yote ni la gharama. Faiba inataka mitaro, nguzo, vibali na wateja walio karibukaribu. Mitaa yetu mingi ilijengwa bila ramani, na wakazi wengi wa mijini ni wapangaji: vyumba sita, familia sita, mwenye nyumba anaishi kwingine na hataki ukuta wake utobolewe. Kijijini kilomita za waya kwa kila nyumba hazilipi hata kwa hesabu za mwenye huruma. Nakubali. Kuahidi faiba kwenye kila nyumba ni kuandika bajeti ya ndoto. Na hawa wa setilaiti ya mzunguko wa chini, Starlink, walioingia Rwanda na Kenya mwaka 2023, wanatatua tatizo la umbali lakini kikwazo cha kwanza mlangoni ni bei ya sahani. 5G, iliyozinduliwa Tanzania na Kenya mwaka 2022, inaweza kuleta rauta isiyo na waya nyumbani, ila masafa ni yaleyale ya kugawana, na inaanzia mitaa iliyokuwa na faiba tayari.

Hata hivyo pingamizi la gharama linaziangusha nyumba, haliiangushi hoja. Kuizima mita hakudai waya kwenye kila sebule. Kunadai sehemu ndani ya mwendo wa miguu ambapo intaneti hailipiwi kwa MB. Mifano iko. Nairobi, kwenye mitaa ambayo kampuni kubwa ziliipita, Poa Internet iliuza intaneti ya nyumbani isiyo na kikomo kwa bei ya watu wa pale, kwa antena badala ya mtaro. Kibera kuna TunapandaNET, mtandao wa jamii unaounganisha shule na vituo vya vijana. Kondoa, mkoani Dodoma, mtandao wa jamii ulijengwa kwa kutumia masafa ya televisheni yaliyoachwa wazi. Hii ni midogo, na baadhi inayumba kifedha, sitaki kuipamba. Lakini inaonyesha kwamba mkongo mmoja ukifika kwenye shule ya kata, na antena ikawekwa juu ya paa, wapangaji wa vyumba sita hawahitaji kumwomba mwenye nyumba ruhusa.

Fedha nazo zinakwenda wapi? Tanzania ina Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, na kazi yake kubwa imekuwa minara. Mei 2023 ulisaini mikataba ya minara 758. Minara inahitajika, na vijijini hakuna wa kuibeza. Ila tazama namba za GSMA, jumuiya ya kampuni za simu zenyewe: kusini mwa Sahara mwaka 2023 ni asilimia 13 tu ya watu walioishi pasipo na mtandao wa intaneti ya simu. Asilimia 60 waliishi chini ya mnara na hawakuutumia. Kwa hao, mnara wa pili hauongezi kitu. Wanakwamishwa na bei ya simu, bei ya bando, na kutoona cha kufanya huko. Na juu ya bei hiyo serikali zimekuwa zikiongeza mkono wake. Uganda mwaka 2018 iliwatoza watumiaji wa mitandao ya kijamii shilingi 200 kwa siku, ikaiacha mwaka 2021 na kuweka ushuru wa asilimia 12 kwenye data. Kenya ilipandisha ushuru wa data hadi asilimia 20 mwaka 2021, kisha ikaurudisha 15 mwaka 2023. Kodi kwenye bando humwangukia zaidi anayenunua kijiko, kwa sababu kwake bando ni sehemu kubwa ya hela ya siku.

Ningeanzia kwenye mambo mawili ya bei ndogo. La kwanza, mfumo wowote wa serikali usizinduliwe kabla fomu yake haijajazwa mwanzo hadi mwisho kwenye simu ya bei ya chini yenye laini ya 3G, bila karatasi. Jaribio hilo linachukua mchana mmoja na lingewaokoa wanafunzi wengi foleni ya stesheneri. La pili, TCRA na wenzake wa Kenya na Uganda watenge kwenye ripoti zao safu mbili zaidi: kaya ngapi zina intaneti isiyohesabiwa kwa MB, na shule, zahanati na maktaba ngapi zimeifungua yao kwa watu wa mtaa. Mfuko wa mawasiliano uliozoea kuhesabu minara utaendelea kujenga minara, maana hicho ndicho kinachoandikwa kwenye ripoti ya mwaka. Kata yenye mnara na shule isiyo na intaneti leo inahesabika kuwa imefikiwa, na hakuna ofisa yeyote anayedaiwa maelezo kwa hilo.